Jumba la Maduka Linalostahili Safari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu aliyezunguka majumba mengi ya maduka, na ambaye, ukweli usemwe, amekaa kwenye mabenchi yake kuliko alivyonunua. Usishangae basi ukiona mabenchi yanatajwa mara nyingi.

Siku hizi kila kitu naagiza kwa simu. Niende huko kufanya nini?

Kama unatafuta chaja au pakiti ya betri, usiende. Agiza, italetwa mlangoni. Shindano hilo majumba ya maduka yalishashindwa.

Unakwenda kwa yale ambayo simu haiwezi. Kuvaa kiatu na kutembea nacho hatua ishirini. Kufinya kitambaa ndani ya ngumi kisha kukiachia, uone kama kinabaki na mikunjo. Kulala juu ya godoro dakika tano bila kuona haya. Kuinua sufuria uhisi uzito wake. Picha ya nguo haina uzito wala harufu, na rangi unayoiona kwenye kioo cha simu si lazima iwe rangi ya nguo yenyewe.

Halafu kuna watu. Penye wengi pana mengi: mtoto anayeona ngazi za umeme kwa mara ya kwanza, vijana waliovaa kama wanakwenda harusini na hali hawaendi popote, wazee wawili wanaobishana kuhusu taa ya mezani. Kuangalia hakulipiwi. Jumba lisilo na hayo ni ghala lenye viyoyozi, na kwa ghala hakuna haja ya kupanda gari.

Nikifika mara ya kwanza, nitajuaje haraka kama pana thamani?

Nina kipimo kimoja: tazama jumba limemwandalia nini mtu asiyenunua chochote.

Anza na mabenchi. Yapo? Yana egemeo la mgongo, au ni vipande vya chuma baridi vilivyowekwa ili usikae zaidi ya dakika tatu? Kisha tafuta choo. Kikiwa safi, kina maji na sabuni, na kibao chake kinaonekana kwa mbali, hapo pana msimamizi anayejua kazi yake. Kikiwa kimefichwa nyuma ya korido ndefu isiyo na taa ya kutosha, umeshaelewa unavyohesabiwa: wewe ni pochi yenye miguu. Tazama pia kama kuna mwanga wa jua unaoingia kutoka juu, na kama ramani ya jumba inasomeka na mtu wa kawaida.

Hayo manne huchukua dakika kumi, na sijawahi kukuta jumba lililoyafanya vizuri halafu maduka yake yakawa ya hovyo. Kinyume chake nimekikuta mara nyingi: marumaru ya kung'aa, vitrini (vioo vya kuonyeshea bidhaa) za kuvutia, na mama mjamzito amesimama kwenye nguzo kwa kukosa pa kukaa.

Kadiri jumba linavyokuwa kubwa ndivyo linavyokuwa bora?

Hapana. Mjini Dongguan, China, lilifunguliwa mwaka 2005 jumba la New South China Mall, lenye nafasi ya maduka zaidi ya 2,000 na nakala ya lango la ushindi la Paris. Kwa takriban miaka kumi karibu lote lilikuwa tupu. Lilijengwa mbali na njia za watu, katika mji ambao wakazi wake wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani wasio na muda wala fedha za kuzurura humo. Baadaye lilifufuliwa, lakini kwa muda mrefu mwangwi wa nyayo ndio uliokuwa mpangaji wake mkuu.

Nani aliyeanzisha majumba haya?

Inategemea unahesabu kuanzia wapi. Soko Kuu la Istanbul, lenye mitaa chini ya paa na maduka kwa maelfu, lilianza karne ya 15, muda mfupi baada ya Waosmani kuuteka mji huo mwaka 1453. Galleria Vittorio Emanuele II ya Milan ilizinduliwa mwaka 1867 na kukamilika miaka 10 baadaye. Paa lake ni la kioo na chuma, na uzuri wake mkubwa hauko kwenye maduka. Inaunganisha uwanja wa kanisa kuu na uwanja wa jumba la opera la La Scala, hivyo watu hupita humo wakiwa na safari zao nyingine. Hawakuja kununua, wananunua tu kwa kuwa wamepita. Mbunifu wake, Giuseppe Mengoni, alianguka kutoka juu ya jengo hilo akafa mwezi Desemba 1877, kazi ikiwa inaishia.

Lakini jumba kama tunavyolijua leo, lililofungwa pande zote, joto limedhibitiwa, uwanja katikati na bahari ya magari nje, ni la Victor Gruen. Alikuwa msanifu majengo aliyezaliwa Vienna mwaka 1903, akakimbilia Marekani mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa Austria. Mwaka 1956, huko Edina katika jimbo la Minnesota, alifungua Southdale. Minnesota ni mahali ambapo baridi huuma vibaya na kiangazi nacho hakina huruma, ndiyo maana akaona afunge paa. Ndani aliweka bustani, bwawa la samaki na tundu kubwa la ndege. Watu walikuja kuona majira ya machipuko yasiyokwisha katikati ya theluji.

Kinachonigusa zaidi ni yale aliyoyataka na hayakujengwa jinsi alivyoyawaza. Ramani yake ilikuwa na nyumba za kuishi, shule, kituo cha tiba, bustani na ziwa kuzunguka maduka, kwa sababu alitamani mji wa kutembea kwa miguu kama ule wa utotoni mwake. Kilichoigwa na wengine ni maduka na maegesho ya magari tu. Alirudi Vienna, na kabla ya kufa mwaka 1980 aliyakana hadharani majumba yaliyozaliwa na wazo lake. Kila ninapokuta jumba lenye maktaba au zahanati ndani, nasema moyoni: huyu angalau aliisoma ramani yote.

Mbona kila nikiingia napotea? Niliingia kununua soksi nikatoka na blenda.

Hukupotea, ulipotezwa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tazama ngazi za umeme. Mara nyingi ile ya kupanda inakuleta upande mmoja wa ghorofa, na ya kuendelea juu iko upande wa pili, kwa hiyo lazima upite mbele ya maduka yote yaliyo katikati. Saa za ukutani ni adimu, madirisha ya kuonyesha nje ni haba, na muziki ni wa taratibu. Maduka mawili makubwa yamewekwa kwenye ncha mbili za mbali ili ukitoka la kwanza kwenda la pili uwapitie wadogo wote njiani.

Wataalamu wana jina la ile hali ya mtu kusahau alichokuja kufanya akaanza kuelea tu: wameipa jina la Gruen, ambaye mwenyewe hakuipenda. Dalili zake ni kupunguza mwendo na kulegea macho. Dawa ni karatasi yenye orodha. Iwe ya karatasi hasa, kwa kuwa simu nayo ina maduka yake ndani.

Ukitaka kujifariji, kumbuka kwamba ngazi hizi ziliwahi kutisha. Duka la Harrods la London lilipoweka ngazi yake ya kusogea mwaka 1898, wahudumu waliwasubiri wateja juu na brandi ya kuwatuliza moyo.

Ni maduka gani yanapaswa kuwemo?

Mchanganyiko wake ni muhimu kuliko majina yake. Jumba lenye maduka arobaini ya nguo na viatu litakuchosha kabla hujafika la kumi. Ninachotafuta ni yale maduka ya shida za kawaida: fundi viatu, fundi saa, duka la vitabu, la vifaa vya kushonea, duka la dawa, kinyozi, mahali pa kukatia funguo. Haya hayapendezi kwenye picha za matangazo. Lakini ndiyo yanayokufanya urudi wiki ijayo, kwa sababu kiatu kinachanika na saa inasimama iwe kuna punguzo au hakuna.

Kwa nini basi hayapo mengi? Kodi. Lile duka kubwa linalovuta watu, supamaketi au duka la idara nyingi, kwa kawaida hulipa kodi ndogo kwa kila mita ya mraba kwa kuwa mwenye jumba analihitaji kuliko lenyewe linavyomhitaji. Wadogo ndio wanaobeba pengo. Katika mikataba mingi mwenye jumba hudai pia sehemu ya mauzo. Fundi viatu hauwezi mchezo huo. Ukimkuta ndani, ujue kuna mtu ofisini aliyeamua kumpunguzia kodi kwa makusudi, na uamuzi huo unakuhusu wewe mteja.

Burudani je? Nasikia kuna majumba yenye samaki na barafu.

Yapo. Dubai Mall, lililofunguliwa mwaka 2008, lina tangi la samaki lenye maji lita milioni 10 na uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na nje jangwa linachoma. West Edmonton Mall la Kanada, la mwaka 1981, lina bustani ya maji yenye mawimbi, na kwa miaka mingi lilikuwa na nyambizi nne za kubeba wageni. Mall of America, pia huko Minnesota, lina bustani ya michezo yenye treni za kupanda na kushuka katikati ya jengo. Hili la mwisho nalipenda kwa sababu nyingine: maeneo yake ya pamoja hayana mfumo mkuu wa kupasha joto. Jua la paani, taa za madukani na joto la miili ya wageni vinatosha hata theluji ikianguka nje. Yaani wewe unayezurura bila kununua umechangia kuni.

Burudani huleta safari ya kwanza, siyo ya kumi. Kama una watoto, uliza kwanza kama michezo inalipiwa kila mmoja peke yake au kwa tiketi moja. Hesabu zake hazifanani kabisa, na mtoto hajui kuhesabu.

Na chakula?

Ukumbi wa chakula mara nyingi huwekwa ghorofa ya juu kwa makusudi, ili njaa ikupandishe na shibe ikushushe, ukiwa umepita kila mahali. Kula kabla ya saa ya msongamano. Usichague meza iliyo chini ya spika.

Naenda na mama yangu anayetumia kiti cha magurudumu. Nikague nini?

Usiulize "lifti ipo?" Watakujibu ipo. Uliza ziko ngapi, na kama inatoka moja kwa moja kutoka kwenye maegesho. Lifti moja kwa jumba zima maana yake ni kupanga foleni nyuma ya mikokoteni ya mizigo na vigari vya watoto, na wenye miguu mizima ndio huwa wa kwanza kuingia.

Kagua mlango wa choo: upana wake, na kama ndani kuna nafasi ya kugeuza kiti. Nimeona choo chenye alama kubwa ya kiti cha magurudumu, na ndani wamehifadhi ndoo na mifagio. Kagua pia sakafu. Marumaru iliyopigwa dawa ya kung'aa inateleza vibaya siku ya mvua, na mzee akianguka nyonga haina mchezo.

Tukiwa hapo hapo: kwenda na mzee au mtoto mchanga asubuhi, mara milango inapofunguliwa, ni burudani. Kwenda nao jioni ya sikukuu ni adhabu.

Usalama unapimwaje na mtu asiye mtaalamu?

Watu wengi huangalia walinzi langoni. Mimi huangalia milango ya dharura. Iko wapi, imewekewa alama inayowaka, na je, imefungwa kwa kufuli au imezibwa na maboksi? Mlango wa dharura uliogeuzwa stoo ni sababu tosha ya kuondoka.

Jambo la pili ni jengo lenyewe. Tarehe 29 Juni 1995, duka kubwa la Sampoong mjini Seoul liliporomoka na kuua watu 502. Ghorofa ya tano iliongezwa juu ya mpango wa awali, nguzo zilikuwa nyembamba kuliko zilivyopaswa, na mashine nzito za viyoyozi zilikuwa zimeburutwa juu ya paa. Siku hiyo nyufa zilionekana tangu asubuhi. Wasimamizi walifunga baadhi ya sehemu lakini hawakuwatoa watu, wakihofia kupoteza mauzo. Sikuambii haya ili uogope kila jengo. Ila ukiona ufa mpya unaokua, sakafu inayodidimia au milango iliyoanza kukataa kufunga, usisubiri tangazo kwenye spika.

Punguzo zake ni za kweli?

Nyingine za kweli, nyingine ni wino mwekundu tu. Za kweli zaidi ni za mwisho wa msimu, kwa sababu duka linahitaji nafasi ya mzigo mpya na nguo iliyobaki inakula kodi kila siku. Utazijua kwa ukubwa uliobaki: ndogo mno na kubwa mno. Punguzo lenye ukubwa wote, rangi zote, na ambalo haliishi mwaka mzima, hilo ndilo bei yenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tahadhari pia na maduka yanayojiita ya bei ya kiwandani. Baadhi ya bidhaa zake si masalia ya duka kuu bali zimetengenezwa mahususi kwa ajili ya huko, kwa kitambaa chepesi zaidi. Geuza nguo ndani nje utazame mishono kabla ya kutazama bei.

Na kabla ya kulipa, uliza swali moja: nikirudisha, narudishiwa fedha au nabadilishiwa tu? Risiti ipige picha siku hiyo hiyo, maana nyingi huchapwa kwenye karatasi inayofifia, na baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe na hadithi.

Naruhusiwa kuzunguka bila kununua chochote?

Ndiyo, na usione aibu. Huko Marekani kuna wazee ambao huingia asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa ili kutembea kwa mazoezi, na majumba mengi huwafungulia milango mapema.

Kumbuka tu kwamba barabara ile ya ndani, pamoja na miti na chemchemi zake, ni mali ya mtu. Inafanana na uwanja wa mji lakini sio. Mlinzi anaweza kukukataza kupiga picha au kugawa karatasi za matangazo. Suala hili liliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1980 iliamua kwamba jimbo la California lilikuwa na haki ya kuwalinda wanafunzi waliokuwa wakikusanya saini ndani ya kituo cha maduka bila idhini ya mwenyewe. Kwingineko sheria ni tofauti, kwa hiyo ukiambiwa ushushe kamera, ishushe kwanza, ubishi baadaye.

Jumba nililolipenda linaelekea kufa. Dalili ni zipi?

Ya kwanza ni ngazi ya umeme iliyozimwa na kuachwa hivyo wiki nzima. Ya pili ni vitrini tupu zilizofunikwa picha kubwa za watu wanaocheka. Ya tatu, na hiyo ndiyo mbaya, ni kuondoka kwa lile duka kubwa la kwenye ncha. Mikataba ya wadogo mara nyingi ina kifungu kinachowaruhusu kudai kodi ndogo au kuhama likiondoka, basi wanatoka mmoja mmoja kama mchwa baada ya mvua. Hata Northland, jumba la Gruen karibu na Detroit lililofunguliwa mwaka 1954 likiwa la kusifiwa kuliko yote, lilifungwa mwaka 2015.

Kama fundi viatu wako bado yumo, mwombe namba ya simu mapema.

Huwa nachoka mno baada ya saa moja tu. Kasoro ni yangu?

Siyo yako. Sakafu ni jiwe, taa hazibadiliki, kila duka lina muziki wake, na jicho linaamua jambo kila sekunde: hiki, kile, hapana. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, acha koti kwenye gari, kunywa maji. Dakika arobaini zikipita, toka nje uone mbingu, au tafuta lile benchi lenye egemeo. Likiwa limekaliwa, kuna jingine karibu na duka la vitabu, kama jumba ni zuri.